Matete hayali kinyesi

Wengi wakiona kitalu cha matete kikimwagiwa tope la maji taka hudhani mimea ndiyo inayokula uchafu. La hasha. Matete hunyonya virutubisho kidogo tu. Kazi yake hasa ni kutoboa. Shina likiyumba kwa upepo hufungua upenyo pale lilipochomoza, mizizi nayo hupasua tope, na maji huchuruzika hadi kwenye mchanga, kokoto ndogo, kisha kokoto kubwa zenye mabomba ya matundu. Mabomba hayo huinuliwa hadi juu ya kitalu yaingize hewa, maana bakteria wanaoozesha tope wanaihitaji.

Kwa hiyo kinachoamua ni mapumziko ya kitalu kati ya mmwago mmoja na mwingine. Denmark, kwa kawaida humwagwa kilo 50 hadi 60 za yabisi kavu (uzito wa tope bila maji) kwa mita ya mraba kwa mwaka, vitalu 8 au zaidi vikipokezana. Ukimwaga mfululizo, hasa kwenye miche michanga, tope huziba juu kama lami, matete huwa manjano, harufu huanza. Kupanda mengine hakusaidii; acha kwanza tope likauke mpaka lipasuke nyufa.

Maji yaliyochujika bado ni machafu. Yasielekezwe mtoni bila kusafishwa.