Kwaya ya Bohemian Rhapsody ni watu watatu tu

Sisi tunaohifadhi sauti za zamani tunaulizwa sana hili swali: Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, walikodi kwaya gani kwenye wimbo wao Bohemian Rhapsody? Hawakukodi mtu. Sauti zote mnazosikia pale katikati, kwenye kipande cha opera kinachosikika kama kwaya kubwa, mpaka wanapoitikia Bismillah, ni za Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor basi. John Deacon alipiga besi, kuimba hakuimba.

Kazi ilianza Agosti 1975 studio ya Rockfield, iko shamba huko Wales karibu na Monmouth, prodyuza Roy Thomas Baker. Wimbo wote ulikuwa kichwani kwa Freddie, yule yule aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Wakarekodi piano, besi na dramu wakaacha nafasi tupu katikati, mwenye picha kamili ya nini kitakaa pale alikuwa yeye.

Sasa hapa ndo pa kuelewa. Enzi zile hakuna kompyuta, unarekodi kwenye utepe wa sumaku wenye trak 24, yaani njia 24 zinazokwenda sambamba, ukizijaza zote umekwama. Unachofanya unachukua trak kadhaa unazichanganya zinakuwa moja, zilizobaki zinakuwa wazi tena, unaimba juu yake. Wale watatu walikuwa wanaimba mstari mmoja kwa pamoja, wanaurudia, wanaurudia tena, kisha wanahamia sauti nyingine, na ile nyembamba ya juu kabisa ambayo wengi wanadhani ni mwanamke ni Taylor. Walikuwa wanaimba saa 10 mpaka 12 kwa siku, kipande cha opera peke yake kikala kama wiki 3, na inatajwa kwamba sauti zilizorekodiwa moja juu ya nyingine zilifika 180.

Utepe wenyewe ni plastiki iliyopakwa unga wa oksaidi ya chuma, sauti inakaa kwenye ule unga. Kila ukipita kwenye hedi za mashine, yaani vile vichwa vinavyorekodi na kusoma sauti, unasuguliwa, unga unatoka kidogo kidogo. Wa Queen ulipita mara nyingi kiasi kwamba wenyewe wamesimulia ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kwa mtu wa kazi yangu hilo linatisha jamani, maana kazi ya wiki zote zile ilikuwa inaning'inia pale. Na ukishachanganya hurudi nyuma, sauti moja ikizidi wenzake imezidi hivyo hivyo, labda uimbe upya. Kwa hiyo kila walichofunga ilibidi wawe na uhakika nacho, na mimi naamini ndo maana mpaka leo wimbo unasikika umebana, hauna sauti ya ziada.

Ukaisha una dakika 5 na sekunde 55. EMI, kampuni yao ya rekodi, wakaona ni mrefu mno, redio gani itapiga? Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, akapewa nakala akaipiga mara 14 ndani ya siku 2, watu wakaanza kuulizia madukani kabla haijatoka. Singo, yaani sahani ya wimbo mmoja, ikatoka 31 Oktoba, na ingawa wapo wachambuzi wa magazeti ambao haikuwaingia, mwisho wa Novemba ilikuwa namba moja Uingereza ikakaa wiki 9, mpaka kundi la ABBA walipoitoa na wimbo wao Mamma Mia.

Jukwaani shida ikawa moja, watu watatu hawawezi kuwa kwaya nzima kwa mkupuo. Queen wakaamua bila kuficha, ikifika opera wanatoka jukwaani, kanda inapigwa, wanarudi kwenye sehemu ya roki. Hata ile video ya Bruce Gowers, iliyorekodiwa kwa saa 4 hivi, ilifanywa ili Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, wawe na cha kuonyesha.

Freddie alifariki 24 Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na Ukimwi. Singo ikatolewa tena, ikashika namba moja kwa wiki 5, mapato yakaenda Terrence Higgins Trust, shirika la Uingereza linalosaidia watu wanaoishi na VVU.