Usimfungie Mzee Ndani: Itengeneze Nyumba Aitambue

Septemba ni mwezi wa Alzheimer duniani, ugonjwa unaowafanya wazee wasahau hata njia ya nyumbani, na swali linaloletwa zaidi katika ofisi yetu ya ustawi wa jamii ni moja: mzee wa namna hiyo tumfungie ndani? Hapana. Ukitia kufuli kwa nje ukaenda kazini, moto ukiwaka hana pa kutokea.

Kusahau huku si uzee tu. Wala si kurogwa, na hili tumelisema mara nyingi mno. Ni ugonjwa wa ubongo uitwao dementia, na Alzheimer ni aina yake mojawapo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 uliukuta kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Anayemwita mama wa watu mchawi anatenda kosa chini ya Sheria ya Uchawi ya Tanzania, Sura ya 18. Vipimo na dawa mwachieni daktari. Nyumba ni yenu.

Bibi mmoja niliyemtembelea alikuwa akijisaidia kwenye korido usiku, wajukuu wakaona ni ukaidi. Milango yote minne ilikuwa rangi moja, taa imezimwa. Mlango wa choo tukaupaka bluu iliyokoza, tukabandika picha ya choo usawa wa macho yake, taa ikaachwa hadi asubuhi. Bado hafiki. Kumbe mlangoni palitandikwa zulia dogo jeusi, na kwa macho yake lile lilikuwa shimo. Lilipoondolewa, akaanza kwenda mwenyewe, si kila usiku, lakini mara nyingi.

Mafuta ya taa yaliyo kwenye chupa ya maji yatoeni leo hii. Dawa na viberiti vifungiwe, kisima kifunikwe. Kioo kikimtisha kwa kuwa anaona mgeni ndani yake, kitundikieni kitenge. Mkipaka rangi nyumba kwa sikukuu, kiti chake kirudi palepale.

Namba ya simu ishoneni kwenye pindo la nguo zake. Karatasi ya mfukoni ataitoa. Akipotea, msingoje kesho. Mwambieni balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa, kisha nendeni polisi na picha ya karibuni, majina kamili, nguo alizovaa na saa alipoonekana mwisho. Msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha polisi, na akipatikana rudini taarifa ifungwe.

Njiani msimgombeze. Muulizeni alikuwa anakwenda wapi. Wengi hujibu kwamba walikuwa wanarudi kwa mama, basi mwacheni awasimulie habari za huyo mama hadi mfike nyumbani.