Panya wakifanana, si lazima wawe spishi moja

Wengi tumezoea kuamini kwamba panya wakifanana rangi, mkia na umbo, basi ni spishi moja. Macho hudanganya. Kusini mwa Afrika wapo panya shamba wawili, Mastomys natalensis na Mastomys coucha, ambao hata mtaalamu akiwashika mkononi atasitasita. Chukua seli za uboho, zitandaze kwenye kioo, zitie rangi, kisha kwa hadubini hesabu kromosomu, yaani vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba jeni: wa kwanza ana 32, wa pili 36. Ubishi umekwisha.

Ila hesabu peke yake nayo haitoshi. Panya mdogo wa nyumbani kwa kawaida ana 40. Kisiwani Madeira, kisiwa cha Ureno katika Atlantiki, wapo wenye 22 tu, maana kromosomu zao ziliungana mbilimbili, na bado wanahesabiwa spishi ileile.