Historia mbadala: Lumumba angalivuka Sankuru

Kiswahili kina -ngali-: angalifika, asingalikufa. Historia mbadala imejengwa juu ya silabi hizo mbili. Unashika tukio la kweli, unageuza jambo moja tu, kisha unafuata matokeo yake bila kudanganya kuhusu yale usiyoyagusa. Jambo hilo moja tuliite njia panda.

Tazama Kongo. Ilipata uhuru kutoka Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960, Kasavubu akiwa rais na Patrice Lumumba waziri mkuu. Septemba Kasavubu akamwachisha kazi, na Kanali Mobutu akatwaa madaraka. Usiku wa Novemba 27, mvua ikinyesha, Lumumba alitoroka Léopoldville, mji mkuu (leo Kinshasa), kwenda Stanleyville (leo Kisangani) kwa wafuasi wake. Akaufikia mto Sankuru, akavuka. Inasimuliwa kwamba mkewe Pauline na mtoto wao mdogo walikuwa bado ng'ambo waliyotoka, naye akarudi kuwachukua. Askari wakamkamata. Januari 17, 1961 aliuawa katika jimbo la Katanga, kusini mwa nchi.

Kwangu, njia panda ni pale mtoni. Je, kama wote watatu wangalivuka?

Wengi hujibu haraka: wanamwondoa Mobutu, wanamweka Lumumba, nchi inaneemeka. Hapo ndipo dhana inapoharibika, kwa sababu kiongozi habadiliki peke yake hewani. Siku ya uhuru jeshi halikuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Julai 5 mkuu wa jeshi hilo, Jenerali Janssens, Mbelgiji, aliwaandikia askari ubaoni: "Kabla ya uhuru = baada ya uhuru." Wakaasi. Julai 11 Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, akalitenga jimbo hilo pamoja na shaba yake, Ubelgiji ikimuunga mkono. Yote hayo yalitokea Lumumba akiwa bado waziri mkuu, kwa hiyo kumrudisha hakuyafuti.

Kinachobadilika ni Stanleyville. Katika historia ya kweli, Antoine Gizenga, aliyekuwa naibu wa Lumumba, aliunda serikali huko Desemba 1960, na mwaka uliofuata akakubali kuwa naibu wa waziri mkuu Cyrille Adoula. Lumumba angaliiongoza serikali hiyo mwenyewe, akiwa na jina ambalo Gizenga hakuwa nalo. Je, angalikubali unaibu? Naona asingalikubali. Basi ama Léopoldville ingalimrudishia kiti chake, ama Kongo ingalibaki na miji mikuu miwili, na Mobutu angalilazimika kupigana mapema, kabla jeshi halijawa lake.