Taka Zilizolowa Hazitoi Umeme

Malalamiko yanayotufikia kuhusu fueli ya taka, yaani taka zilizochambuliwa na kukaushwa ili mtambo uzichome kutoa umeme na joto, ni ya aina mbili. Wapo wanaouliza mbona dampo bado lipo ilhali mtambo unafanya kazi. Na wapo wanaodai kwamba, kwa kuwa mtambo unachoma plastiki, nao waachwe wachome zao uani. Tuanze na hao wa pili, maana ndio wanaotuchosha.

Moto wa uani haushiki joto moja, wala hauna chujio ila mapafu ya jirani. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2010/75, ambalo wakaguzi hulirejea mara kwa mara, linataka gesi za tanuru la taka zikae kwenye nyuzi 850 za Selsiasi kwa sekunde 2 zisizopungua. Kwa taka hatari zenye klorini ya kikaboni zaidi ya asilimia 1, nyuzi 1,100. Dioksini, sumu zinazotokea taka zikichomwa vibaya, zisizidi nanogramu 0.1 kwa mita ya ujazo. Joto likishuka, ulishaji wa taka hujifunga wenyewe. Viwango vya moshi vikivukwa, mtambo hauruhusiwi kuendelea kuchoma taka zaidi ya saa 4 mfululizo, na jumla ya saa hizo kwa mwaka isizidi 60. Sampuli ya dioksini huvutwa kwa saa 6 hadi 8, angalau mara mbili kwa mwaka, na kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Adhabu hupangwa na sheria ya kila nchi. Ndugu mwananchi, pipa lako la bati halina kipimo hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa unyevu. Kukausha kilo moja ya maji hula takribani megajuli (kipimo cha nishati) 2.4, joto ambalo lingeingia kwenye boila. Maganda na mabaki ya chakula yakichanganywa na karatasi, tunapokea uji. Ndiyo sababu taka hupitia sumaku, chekecheke na mashine ya kukatakata, kisha hukaushwa, kabla ya kuitwa fueli. Kiwango cha kimataifa cha ISO 21640 huipanga kwa madaraja 5, kwa vigezo vitatu: joto, klorini na zebaki. Daraja la 1 lina megajuli 25 au zaidi kwa kilo. La 5, la chini kabisa, lina angalau 3. Klorini hutoka kwenye mabomba ya plastiki ya PVC, na pia kwenye chumvi ya chakula, jambo linalowashangaza wengi. Ndiyo inayokula mirija ya boila. Zebaki huja na betri na taa za mirija. Shehena isiyofikia daraja lililokubaliwa hurudishwa.

Umeme peke yake huvuna takribani asilimia 20 hadi 30 ya joto lililomo. Mvuke ukipelekwa kiwandani au kupasha majengo, mavuno yanaweza kupita asilimia 80. Kwa hiyo ukiona mtambo umejengwa karibu na mtumiaji wa joto, usidhani ni upendeleo.

Kuhusu dampo, lipo kwa sababu kuchoma hakumalizi taka: taka ghafi zikichomwa, takribani robo ya uzito hubaki kama majivu ya chini ya tanuru, ambayo baada ya kupimwa yanaweza kutumika kwenye ujenzi. Majivu ya kwenye chujio yana metali nzito na hushughulikiwa kama taka hatari. Maombi ya kuyachukua yawe mbolea ya bustani hatuyajibu tena.