Mshtuko wa kiuchumi ni nini hasa, na unaingiaje ndani ya nyumba

Mtaani kwetu andazi lilikuwa la mia. Mwaka 2022 likaendelea kuwa la mia ila kila wiki linapungua, mpaka ikafika hatua unalimaliza kwa matonge mawili, halafu siku moja mama anayechoma akaona bora liwe la mia mbili akalirudishia mwili kidogo. Ukimuuliza anakwambia ngano imepanda na mafuta yamepanda, ukienda kwa mwenye duka anakwambia mzigo umepanda, na wa jumla Kariakoo anakwambia ni vita ya Ukraine. Wote wako sahihi, na huo mnyororo mzima kutoka vitani mpaka kwenye andazi ndo watu wa uchumi wanauita mshtuko, au kwenye taarifa ya habari utasikia "mitikisiko ya kiuchumi".

Mshtuko ni badiliko kubwa, la ghafla, ambalo hukulisababisha wewe na hukulipangia bajeti. Mahindi kushuka wakati wa mavuno na kupanda Januari huo si mshtuko, huo ni msimu, kila mtu anaujua na mwenye akili zake anahifadhi. Vitu kupanda kidogo kidogo kila mwaka nayo tumeizoea. Mshtuko ni pale unalala bei iko hapa unaamka iko kule. Ukisikia mshtuko wa biashara maana yake umepitia kwenye vile nchi inauza nje au inanunua nje, yani mnunuzi mkubwa kafunga mlango, au muuzaji mkubwa kazuia mzigo, au njia imezibwa, au dola imepaa. Indonesia kwa mfano ilizuia kuuza mafuta ya mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili 2022 mpaka 23 Mei, haikufika hata mwezi, lakini Indonesia ndo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, kwahiyo kila jiko linalotegemea mafuta ya nje lilisikia.

Sasa kosa ambalo watu wengi tunafanya ni kudhani mshtuko ukija unapiga kila nyumba vilevile. Hapana. Ukitaka kujua nyumba fulani itaumia kiasi gani usianze na takwimu za nchi, anza na hiyo nyumba: inauza nini, inanunua nini, na ikibanwa ina kitu gani cha kushika. Hayo matatu yanakupa karibu kila kitu.

Nianze na upande wa kuuza, maana ndo hausemwi sana, tukisikia shida ya uchumi tunawaza bei kupanda tu. Mjomba wangu yuko Masasi, analima mbaazi. Watu wa pwani mnaijua mbaazi ya nazi na mahamri asubuhi, lakini mbaazi nyingi ya Mtwara, Lindi na Manyara haiishii kwenye sufuria zetu, inaenda India, wao ndo wanaoila kila siku kwenye dali, ule mchuzi wao wa jamii ya kunde, na ndo wanunuzi wakubwa duniani. Mwaka 2015 India walipata ukame, dali ikaadimika kwao, huku kwetu bei ikapanda mpaka kilo ikavuka shilingi 2,000. Kila mtu akalima mbaazi. Mjomba akaongeza shamba, akakopa pembejeo, akaanza na kuhesabu mabati.

Kumbe na wakulima wa India wameona bei ileile. Na wao wakalima, mvua nazo zikanyesha vizuri, mavuno yao ya 2016/17 yakafika karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, bei kwao ikaporomoka, wakulima wakaja juu. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali yao ikaweka ukomo, mbaazi ya kuingia isizidi tani 200,000 kwa mwaka. Angalia tarehe hiyo vizuri. Agosti kusini mbaazi iko kwenye mavuno, yani mtu ameshalima, ameshapalilia, ameshalipa vibarua, mzigo uko uani unapigwa fimbo, halafu ndo mlango unafungwa. Msumbiji hapo ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wameshasaini makubaliano ya mbaazi na India mwaka 2016 kwahiyo mzigo wao ukaendelea kupita, mbaazi ileile, udongo uleule, mto tu katikati.

Huku bei ikaanguka, kuna sehemu kilo haikufika hata 500. Mjomba alikuwa na gunia kumi na mbili za kilo mia. Kwa bei aliyolimia hiyo ni milioni mbili na laki nne. Mnunuzi aliyekuja na pikipiki akamwambia 300, yani laki tatu na elfu sitini kwa kazi ya mwaka mzima, na vibarua peke yao walikula zaidi ya hapo. Akakataa, akasema atasubiri. Mbaazi ikabunguliwa ndani.

Hapo ndo uone kitu kimoja kuhusu hali ya maisha. Mwaka ule ukiangalia bei za vitu Masasi hazikuwa mbaya, sukari ipo, unga upo, mtu anayeangalia mfumuko wa bei tu angesema mambo shwari. Na muuza duka ambaye halimi hata mchicha naye akaanza kulia, maana wateja wake wote ni wakulima, fundi baiskeli akakosa kazi, fundi cherehani ndo usiseme, sare za shule zilishonwa viraka. Mshtuko wa kuuza ukishaingia unazunguka kijiji kizima kwa njia ya mfuko uliokauka, hauhitaji kupandisha bei ya kitu chochote.

Upande wa kununua ndo ule wa andazi. Urusi na Ukraine kabla ya Februari 2022 walikuwa wanatoa karibu asilimia 30 ya ngano yote inayouzwa kati ya nchi na nchi, na sisi ngano tunayolima haitutoshi hata kidogo. Petroli nayo, lita Dar ikavuka 3,400 Agosti 2022 pamoja na kwamba serikali ilikuwa inaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Daladala ya 400 ikawa 500 mwezi Mei. Mia moja unaiona ndogo, ila mtu anayepanda mbili kwenda na mbili kurudi siku ishirini na sita kwa mwezi, hiyo ni 10,400 imeondoka bila kuaga, na kwa anayelipwa laki na nusu hiyo ni hela ya unga.

Halafu kuna hili la takwimu ambalo linagombanisha watu kila siku. Serikali ikatangaza mfumuko wa bei 2022 kwa wastani ni asilimia 4.3, watu mtandaoni wakacheka, wakasema wanatudanganya. Mimi sidhani ni uongo, ni kwamba ule ni wastani wa kapu la nchi, yani orodha ya vitu ambavyo nchi nzima inanunua, na kwenye lile kapu chakula kimepewa uzito wa kama asilimia 28 tu, vingine ni nguo, kodi ya nyumba, simu, samani na kadhalika. Sasa chukua nyumba inayopata laki tatu kwa mwezi na laki mbili inaenda kwenye chakula. Chakula kikipanda kwa asilimia 20 wanahitaji elfu 40 zaidi kula vilevile, hiyo ni zaidi ya asilimia 13 ya kipato chote. Nyumba ya milioni tatu inayokula kwa laki sita itahitaji laki na ishirini, hiyo ni asilimia 4. Soko ni moja na bei ni moja, ila hawa wamekosa nyama wale wamekosa kwenda Bagamoyo wikiendi. Na mwenye kidogo ananunua kwa kupima, mafuta ya mia tano, sukari robo, na kwa kupima hivyo kila kilo au lita inakuwa ghali kuliko ya anayebeba mfuko au dumu, na bei ikipanda yeye habadilishiwi bei, anabadilishiwa kikombe.

Ila usifikiri bei ikipanda wote tunalia. Mafuta ya kula yalipopaa, mkulima wa alizeti Singida na Dodoma alikuwa anacheka, bei yake haijawahi kuwa tamu vile, watu wakalima kwa nguvu. Mjini tukapiga kelele, ushuru wa mafuta ya nje ukalegezwa ili tupumue, na msimu uliofuata alizeti ikadoda mikononi mwa waliolima, mpaka ushuru ukapandishwa tena 2023. Hicho ndo kitu ambacho mchumi Angus Deaton, aliyepata Nobel 2015, alikionyesha zamani kwa mpunga wa Thailand: kabla hujasema bei ya chakula kupanda ni mbaya au nzuri, hesabu kila kaya inauza kiasi gani ukitoa inachonunua. Anayevuna gunia ishirini na kula tano anafaidika, anayevuna matatu na kula tano ni mkulima kwa jina ila sokoni ni mnunuzi kama mimi wa Mbagala. Na kwenye hilo kundi la pili wakulima wetu wapo wengi, watu hawapendi kusikia.

Dola nayo iko hivyohivyo. Kenya Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi, katikati ya mwaka ikarudi kwenye 130. Anayeagiza vipuri kutoka nje alipumua, ila mama mwenye mtoto Qatar anayemtumia dola mia kila mwezi, ilikuwa elfu 16 ikawa elfu 13, na hakuna kilichobadilika kazini kwa mtoto.

Sasa hili la tatu, cha kushika, ndo linaloamua kama mshtuko utapita au utabaki. Nyumba ikibanwa kuna mpangilio fulani, karibu kila mahali unafanana: kwanza wanapunguza, nyama inakuwa dagaa, dagaa inakuwa mboga, chai inabaki rangi. Halafu wanakopa, kwa ndugu, kwenye vikoba, dukani kwenye daftari. Halafu wanauza, kuku, mbuzi, baiskeli, simu. Mpaka hapo bado unaweza kurudi. Ikivuka hapo wanaanza kugusa vitu vya kesho, mtoto anaachishwa shule, mbegu inaliwa, shamba linakodishwa, na kule kwetu kuna kangomba, mtu anachukua hela leo kwa korosho ambazo bado ni maua, kwa bei anayotaka mwenye hela. Ukishaingia kangomba msimu ujao hata bei ikiwa nzuri si yako.

Ndo maana mtu akisema "bei imerudi kawaida, mambo yameisha" mimi huwa nauliza yameisha kwa nani. Petroli Januari 2023 Dar ilisharudi 2,800 na kitu, nauli haikurudi 400. Bei kupanda inapanda kwa lifti, kushuka inashuka kwa ngazi tena inapumzika kila ghorofa. Na nyumba nazo hivyohivyo: mbuzi aliyeuzwa kwa shida kwa elfu 40 hununui tena kwa elfu 40, kwasababu mliuza wote kwa pamoja na mnatafuta kununua wote kwa pamoja. Mtoto wa form two aliyekaa nyumbani mwaka mzima anaona aibu kurudi kukaa na wadogo zake.

Mbaazi ilikuja kurudi. India walifungua Mei 2021 iingie bila ukomo, na 2023 minadani kusini bei ikavuka tena 2,000, watu wakapost picha za karatasi za malipo. Nikampigia mjomba nimpongeze. Akaniambia shamba la mbaazi alishalikodisha miaka ile alipie deni la pembejeo, mwenye kulikodi ndo kavuna, yeye sehemu iliyobaki kaweka ufuta. Akaniuliza ufuta wenyewe unaenda nchi gani.