Lita 600 za buti, na sanduku la tatu haliingii

Jamani, watu wanalinganisha magari kwa lita tena: "Hili lina lita 600, lile 540, kwa hiyo hili ndilo lenye buti kubwa." Si lazima! Kwa utaratibu wa VDA, chama cha sekta ya magari cha Ujerumani, buti hujazwa vitofali vya milimita 200 kwa 100 kwa 50, kila kimoja lita moja kamili. Kitu kidogo hivyo hupenya popote: nyuma ya tao la tairi, chini ya sakafu ya buti, pembeni mwa jeki. Vyote vinahesabiwa. Sanduku lako halikatiki vipande 100.

Kisha uliza kipimo kiliishia wapi, kwenye kifuniko cha buti au kwenye dari, na kama siti ya kati inayoteleza ilisukumwa mbele kabisa. Tarakimu za Marekani huja kwa futi za ujazo. Ukizidisha kwa 28.3 unapata lita, lakini hujapata kipimo kilekile.

Chukua futi upime mwenyewe. Upana, pima kati ya matao ya matairi. Kimo, kutoka sakafuni hadi kifuniko. Urefu upime mara mbili: sakafuni, halafu kwenye kimo cha mzigo wako. Hicho cha pili ndicho watu wanachokiruka, na ndicho kinachowaumbua.

Tuseme sakafu ina upana wa sentimita 100 na urefu wa 90, kifuniko kiko 45. Hizo ni lita 405. Masanduku ya 75 kwa 50 kwa 30 yanaingia mawili tu, yamelazwa. Juu inabaki nafasi ya sentimita 15. Kifuniko kikiwa 52, unayasimamisha kwa ubavu, na matatu yanakula 90 kati ya zile 100 za upana. Sentimita saba zimekupa sanduku zima. Ila usishangilie: egemeo la siti likilala nyuzi 20, kwenye kimo cha 50 limekula takriban sentimita 18 za urefu. Zimebaki 72. Sanduku ni 75, mlango haufungi. Ukilisimamisha egemeo hadi nyuzi 15, unapata karibu 77 na kila kitu kinaingia, ila abiria wa nyuma atakaa wima safari nzima. Muulize yeye kwanza. Na hapo bado sijautaja mlango wa nyuma, ambao nao huinamia ndani.

Mifuko laini inavuruga hesabu hii yote, kwa sababu inajaza pembe ambazo sanduku gumu linaziacha. Kwa mtu wa mabegi laini lita zina maana kiasi, na kusema kweli sioni tarakimu moja itakayowafaa wote wawili, yeye na mwenye masanduku magumu.

Mengine kwa haraka. Pima mwanya wa mlango pia, maana buti pana lenye mdomo mwembamba halipokei friji. Angalia kama spea ipo, au chini ya sakafu kuna chupa ya gundi na pampu tu. Ukiongeza spea baadaye, nafasi ile imekwenda. Uzito: chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa wa gari tupu, toa abiria, kilichobaki ndicho mzigo wako, pamoja na wa kwenye keria. Gari la siti saba lipime siti zote zikiwa zimesimama. Mara nyingi nyuma ya safu ya tatu sanduku lile la 75 kwa 50 halilaliki hata moja, na tangazo limeandika lita za safu hiyo ikiwa imekunjwa.